Kurasa Alizoziruka Baba

Kwanza kilikuja kikohozi, kifupi na kikavu, kisha kidole kikagusa kipaza sauti mara mbili, na sisi wanawake upande wetu tukajua imamu amesimama. Hatukumuona. Hatumuoni kamwe. Kati yetu na wanaume upo ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, juu yake pazia, na kwenye kona spika iliyofungwa kwa waya. Kwa wanawake wa msikiti ule wa Magogoni, baba yangu ni kikohozi na sauti. Wako waliomsikia tangu wakiwa wasichana, wakaolewa, wakazaa, wakaozesha, na bado wakikutana naye njiani amebeba mkate hupita bila kujua kuwa ndiye.

Hiyo ilikuwa tarawehe, swala ya usiku ya Ramadhani, ya kwanza kwa mwaka ule. Alitoa takbiri, sauti yake ikapanda taratibu kama ilivyopanda miaka yote, na bibi mmoja wa mtaani kwetu, anayesali kwenye kiti kando yangu kwa sababu ya magoti, akavuta pumzi kwa raha. Mimi sikuwa na raha. Nilikuwa nimeweka msahafu wazi juu ya kibao chake mbele yangu, na macho yangu yalimfuata baba neno kwa neno, kama mtu anayemtazama mtoto wake akivuka barabara kuu.

Baba aliihifadhi Kurani akiwa mdogo, na tangu kabla sijazaliwa ndiye anayesalisha tarawehe pale. Rakaa ishirini, kila rakaa na ukurasa wake. Kila siku juzuu moja kati ya thelathini za Kurani. Mwezi ukielekea mwisho, Kurani yote inakuwa imesomwa kwa kusimama, kwa moyo, bila kufungua msahafu. Hiyo ndiyo khitma. Nyuma ya imamu husimama mtu mwingine aliyehifadhi, na kazi yake ni kumfungulia: imamu akikwama, yeye humtajia neno linalofuata, na swala inaendelea. Kwa baba, anayesimama hapo ni mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mke na watoto na anafanya kazi katika yadi ya makontena huko Changamwe.

Katika miaka yote hiyo, mwanafunzi yule hakuwa na la kufungua. Baba hakukwama.

Kisha, kabla ya Rajabu ya mwaka ule, miezi miwili na zaidi kabla ya mfungo, daktari alitupa jina la ugonjwa. Alilitaja kwa upole, akimtazama mama badala ya baba. Akaeleza kwamba yatakayoondoka kwanza ni mambo ya jana na juzi, na ya utotoni ndiyo yatakayobaki mpaka mwisho. Baba alimshukuru kwa mikono miwili. Tulipotoka nje alikuwa anatabasamu.

"Basi sina wasiwasi," alisema. "Kurani niliipata kabla meno ya utotoni hayajaisha kung'oka."

Mama alikuwa anatafuta chenji ya nauli kwenye mkoba, akaendelea kuitafuta hata baada ya kuipata.

Ilipofika Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, chupa ya chai ilikuwa imepoteza jina lake, ikaitwa "ile ya moto". Siku moja baba aliingia ukumbini, akamkuta mama anakunja nguo, akamkaribisha kwa heshima kubwa na kumuuliza kama watu wa kwao hawajambo. Mama alijibu kwamba hawajambo wote, wanamsalimu. Baadaye nilimkuta mama uwani ameinamia karai la nguo, maji yanatiririka bure.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kuandama, baba aliniita.

"Abee, baba."

"Kaa." Alingoja mpaka nikae. "Mwaka huu nataka nikhitimu. Mungu akinipa hii, sitamuomba nyingine."

"Inshallah utakhitimu."

"Usiniitikie inshallah ya kunifukuza. Nisikilize. Wewe utakuwa kule nyuma ya ubao, na msahafu wako mbele yako. Nikikosea, kesho yake utaniambia."

"Si yupo wa kukufungulia?"

"Yule nilimfundisha alifu kamasi zinamtoka. Ataona haya kunirekebisha mbele za watu. Na wengine watanisitiri." Alilitamka neno hilo kwa uchungu. "Watu wetu ni wepesi wa sitara. Mimi sitaki sitara kwenye maneno ya Mungu. Nataka kujua nilipokosea, nirudi nikapasome. Khitma iwe khitma."

Nikamwahidi. Kwetu, kuufunika upungufu wa mtu ni ibada. Tunafundishwa hivyo tangu utotoni, na wengi wetu ndiyo ibada pekee tunayoifanya vizuri. Baba alikuwa ananiomba nisimfanyie.

Kwa hiyo mwezi ule tukawa na kazi. Kila siku baada ya alasiri alikaa juu ya mkeka ukumbini, mgongo ukutani, mimi mbele yake na msahafu, akanisomea juzuu atakayosalisha usiku. Kwanza aliuliza: "Jana je?" Nami nikamwambia. Hapa uliruka neno, hapa ulitanguliza aya. Alikuwa akifumba macho, akirudia mahali pale mpaka panyooke, kisha ananigeukia mimi.

"Hilo neno ulilonisomea sasa hivi, umelikimbiza. Unasoma kama mtangazaji wa mpira."

"Nakurekebisha wewe, baba."

"Na mimi nakurekebisha wewe. Mwalimu haachi kazi kwa sababu anaumwa."

Chumba cha upande wa pili wa ukuta alikuwa amekipanga mama mmoja wa kutoka bara, Mkristo, fundi wa kushona katika kiwanda cha nguo. Akiwa nyumbani, radio yake ilikuwa inaimba mapambio mchana kutwa. Lakini sauti ya baba ikianza tu, tulimsikia akimwambia binti yake, "Zima hiyo kitu, mzee ameanza," na radio inanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwomba. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya mbaazi zinazochemka kwa nazi, na matumbo yetu yalinguruma, na baba anasoma.

Sijui niliseme vipi jambo lililonipata hapo. Mimi nilikuwa mtu wa kusali kwa mazoea. Nilifunga kwa sababu nyumba nzima inafunga, na tarawehe nilikuwa nikienda siku za mwanzo, mguu unaniuma, akili iko kwenye sentensi niliyokuwa naiandika, nikaiacha mezani. Mwaka ule, kwa kumfuatilia baba, nilianza kusikia. Neno nililopita juu yake maisha yangu yote lilisimama mbele yangu likanitazama. Nilianza kuamka kabla mama hajanigongea mlango kwa ajili ya daku. Nikisujudu, paji la uso lilikuwa halitaki kuinuka. Kurasa ambazo sikuwahi kuzijaribu zilikuwa zinakaa kichwani mwangu zenyewe, bila kualikwa, na asubuhi nikifagia uwanja niligundua ninazisoma.

Hilo lingekuwa jambo la furaha. Lakini kila ukurasa ulioingia kwangu niliona umetoka kwake. Mchana namsikia akisita mahali, na usiku mahali palepale panakuwa wazi kwangu kama kiganja. Nilihisi zinamiminwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na mimi sikuwa nimeomba. Niliomba kinyume chake. Watu husema dua ya mfungaji wakati wa kufuturu hairudi. Kila magharibi, tende mkononi, nilisema: kichukue hiki changu, umwachie yeye. Kisha nikaila ile tende, na siku iliyofuata alikuwa amepungua zaidi.

Waliohifadhi wana hofu moja ambayo sisi wengine hatuijui. Wanaogopa kwamba mtu akiisahau Kurani baada ya kuijua, ni dalili ya kuwa amefukuzwa mlangoni. Baba hakuizungumza hofu hiyo ila mara moja tu, amefumba macho, katikati ya aya iliyokataa kuja.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

"Hujafanya kitu, baba. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa nao una mwenyewe aliyeuleta."

Nikamtajia neno la aya ile, akaendelea.

Hata hivyo, kumi la kwanza la mwezi lilipita. La pili nalo likaenda vizuri. Makosa yalikuwa madogo, mwanafunzi alimtajia neno kwa sauti ya chini, na baba alilipokea na kusonga mbele. Bibi wa kwenye kiti alikuwa akinitania na msahafu wangu: "Wee, wasali ama wafanya mtihani?" Nilianza kuamini. Hilo ndilo ninalojilaumu kwalo, kwamba niliruhusu moyo wangu kuamini.

Kisa cha malaika kuamrishwa wamsujudie Adamu kimo katika sura kadhaa, na maneno yake yanafanana kiasi kwamba waliohifadhi hukiendea kwa tahadhari. Unaingia nacho kwenye sura moja, na usipokuwa macho unatokea kwenye nyingine. Kumi la tatu lilikuwa limekwisha ingia baba alipokifikia tena, katika sura ya mbali. Aliingia. Alifika pale Ibilisi anapokataa, akarudi mwanzo. Akafika tena pale, akarudi tena. Mara ya tatu niliisikia sauti ya mwanafunzi kwenye spika, chini sana, inamtajia. Baba hakuipokea. Mwanafunzi akataja tena, kwa sauti ya chini zaidi, sauti ya mtu anayeomba radhi. Kisha akanyamaza. Msikiti mzima ulikuwa unamsikiliza baba akizunguka.

Mwanamke hapazi sauti nyuma ya imamu. Akitaka kumzindua hupiga kofi, kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili. Kofi humwambia imamu kuna jambo, lakini halimwambii ni jambo gani. Neno alilolihitaji baba lilikuwa kwenye ulimi wangu, limekaa tayari, na nilichoruhusiwa kumpa ni mlio wa ngozi. Nikapiga.

Baba akanyamaza. Kisha akaendelea, kwa sauti kamili, yenye uhakika, nzuri kuliko aliyokuwa ametoa mwezi mzima. Alikuwa ametokea katika sura nyingine kabisa. Akasoma humo rakaa ile na iliyofuata na nyingine mbili, bila kusita hata mara moja, na mimi mbele ya msahafu wangu nikizitazama kurasa za juzuu ile zikipitwa, nyeupe, kama nyumba ambazo gari limezipita bila kusimama. Rakaa zilizobaki akarudi kwenye njia yake, kana kwamba hakuwahi kutoka.

Tulipotoa salamu ya mwisho, bibi akanishika kifundo cha mkono.

"Usimpigie kofi tena babako."

"Bibi, ameruka..."

"Twajua. Sote twajua, mwanangu. Mwache asome. Yuwasoma vizuri, hwoni?"

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, mwanafunzi alikuja nyumbani. Alikuwa ametoka zamu, viatu vyake vizito vya kazini ameviacha mlangoni. Baba amelala. Tulikaa uwani, mama juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Dada," aliniambia, "jana uliona."

"Niliona."

"Nakuomba usimwambie. Swala haikuharibika. Imamu akiruka, swala ni sahihi, yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Siku zimebaki chache. Akhitimu, tumuombee dua, tule halua, mwaka ujao Mungu anajua."

"Lakini haitakuwa khitma."

"Kwa nani? Wazee wamekubaliana. Hata kwenye kundi la simu la msikiti hakuna aliyeandika neno. Dada, wallahi, watu wazima wamelia jana, wamefunika nyuso. Hakuna aliyetaka ajue."

Mama aliendelea kukuna. "Mimi mume wangu amenisahau mara ngapi mwezi huu," alisema, "na kila mara namkubalia. Nikiwa mgeni, naitikia kama mgeni. Nikiwa dadake, naitikia kama dadake. Na wewe mwitikie tu."

"Aliniomba, mama. Alijua mtasema hivi."

"Basi alikuomba alipokuwa mzima."

Mama akalitazama bakuli la nazi, akasema nazi imetosha, na akaingia jikoni ingawa haikuwa imetosha.

Alasiri ilipoingia, baba alikaa juu ya mkeka. Radio ya jirani ilizimwa. Akafumba macho.

"Jana je?"

Nilikuwa nimejitayarisha. Ningesema ilikuwa nzuri. Lakini nilikuwa nimefunga, naye amefunga, na msahafu uko wazi kati yetu, na mtu huyu alikuwa ameniita siku ile akaniambia asichokitaka.

"Uliruka, baba."

"Neno?"

"Kurasa."

Alifumbua macho. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha alipoingia na alipotokea. Alizitazama zile kurasa kwa muda mrefu, akizifungua na kuzirudisha, akipima unene wake kwa kidole gumba.

"Hakuna aliyenifungulia?"

"Alijaribu. Hukumsikia."

"Na wewe?"

"Nilipiga kofi."

"Ah," alisema. "Nilidhani ni mtoto anacheza." Kisha akanipigapiga mkono, taratibu, kama ambavyo mtu humtuliza anayelia, nikatambua kwamba ninalia. "Umefanya nilichokuomba. Leo nitaanza na hizi. Nitazilipa, kisha nitaendelea na za leo."

Tulizisoma kurasa zile mpaka adhana ya magharibi. Palepale njia zinapokutana alipita salama. Nilimsikia akipita, tena si mara moja tu.

Usiku alianza nazo. Alifika kwa Adamu, na malaika, na Ibilisi, na akatokea palepale alipotokea jana. Ila safari hii alijisikia akipotea. Nilijua kwa sababu sauti ilikatika kama iliyokanyagwa. Hakungoja kufunguliwa. Akarukuu. Na rakaa zote zilizobaki alisoma sura fupi fupi, zile ambazo watoto wa chuo cha Kurani huzijua kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Watu walitoka mapema. Niliwasikia njiani wakiambiana kwamba imamu amewahurumia kwa ajili ya joto.

Asubuhi mama alikwenda sokoni Kongowea. Jua lilipokuwa limepanda vya kutosha kwa swala ya dhuha, baba alitandika msala ukumbini, na nyuma yake akatandika wa pili.

"Simama hapo," aliniambia. "Hapa ni kwetu, na mimi ni babako. Hapa unaweza kusema. Nikikwama, nifungulie kwa sauti yako. Tuzimalize hizi kurasa mimi na wewe. Itahesabika."

Sikuwahi kumuona akisalisha. Miaka yote nilikuwa na kikohozi na sauti. Sasa nilikuwa na mgongo wake: kanzu iliyokunjamana, shingo iliyokonda, visigino vilivyopasuka, na bega moja lililoshuka kuliko la pili. Alitoa takbiri. Akaanza.

Alikwama mapema. Nikamfungulia. Ilikuwa ajabu kuisikia sauti yangu ndani ya swala, ikisimama karibu na yake; alilipokea neno na kuendelea. Nikamfungulia tena. Kwa kitambo kifupi tulikwenda hivyo, yeye na mimi, na niseme ukweli: sijawahi kuwa karibu na Mungu kama nilivyokuwa katika kitambo kile. Nilifikiri labda hili ndilo jibu. Labda nilipewa kurasa zile ili nimrudishie moja moja, nyuma ya mgongo wake, maisha yake yaliyobaki.

Kisha alianza kungoja. Alisoma neno moja, akangoja linalofuata. Nikampa. Akalisema, akangoja. Nikampa jingine. Polepole sauti yake ilipungua na yangu ikajaa, mpaka nikajikuta nasoma mimi na yeye anasikiliza. Nikanyamaza ili achukue. Hakuchukua.

Akageuka. Katikati ya swala, mikono bado imefungwa kifuani, baba aligeuka akanitazama, na macho yake yalikuwa ya adabu, kama ya mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Samahani," aliniuliza. "Tulikuwa tunafanya nini?"

"Tunasali, baba."

"Imamu nani?"

"Wewe."

Alifikiri. Niliona kitu kikirudi usoni mwake kwa shida, na kilichorudi kilikuwa hukumu ya fikihi, elimu ya sheria za ibada, safi kabisa, kama alivyoifundisha miaka yote.

"Imamu akiacha kibla swala imebatilika," alisema. "Kunja msala."

Alasiri ile hakukaa juu ya mkeka. Alikaa kitandani, mlango wa chumba uko wazi, mikono juu ya magoti. Saa ya kusoma ilipofika, upande wa pili wa ukuta radio ilizimwa kama kawaida. Ikangoja. Nilikuwa ukumbini nasikia inavyongoja. Baada ya muda mrefu ikawashwa tena, kwa sauti ya chini kabisa, na mama yule wa bara akatokea mlangoni kwetu na bakuli tupu alilokuwa ameazima.

"Mzee hasomi leo? Ama ni mgonjwa?"

"Amepumzika," mama alimjibu.

"Mwambie pole. Hii nyumba imekuwa kubwa."

Baba alitaka mwanafunzi aitwe, nami nikampigia simu. Alifika jua likiwa limelegea, kanzu yake imepigwa pasi tayari kwa usiku. Alimuinamia baba mkono akaubusu, kama alivyofanya tangu akiwa mdogo.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Leo utasalisha wewe."

"Leo umechoka, Maalim, sawa. Leo tu."

"Leo na kesho na mpaka khitma. Utaanzia pale nilipopotea, usome zile kurasa, kisha uendelee mpaka mwisho. Khitma ni ya msikiti. Haikuwa yangu."

Mwanafunzi alinitazama, na katika kutazama kule niliona amejua nimesema. Hakukuwa na hasira. Ingekuwepo ningeivumilia.

"Maalim, siwezi kupita mbele yako nikasimama kwenye kibla nawe umekaa safu ya kwanza. Miguu yangu haitakubali."

"Hutapita mbele yangu. Sitakuja."

"Basi njoo usali nyuma yangu tu. Uwe ndiye unayenifungulia. Watu wakuone."

Baba akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, kile cha darasani. "Nikikaa nyuma yako nitakufungulia mahali ambapo hukukosea. Nitakuvuta nikutoe njiani, nawe kwa adabu zako utanifuata. Tutapotea sote wawili na safu ishirini za watu nyuma yetu. Hapana. Mimi nitasali hapa, sura ninazoziweza."

"Na nikikwama mimi?"

"Utafunguliwa na atakayekuwa nyuma yako. Mchague mtu asiyekuonea haya."

Mwanafunzi alifuta uso kwa kilemba. Mama alimletea tende na uji, akamwambia angojee afuturu nasi. Akasema asante, mama, lazima awahi msikitini, hajapitia zile kurasa. Alisema hivyo kisha akashtuka kwa kusema, lakini baba alitikisa kichwa kukubali.

"Pale kwa Adamu," baba alimwambia, "nenda polepole."

"Naam, Maalim."

"Pale ni pabaya."

"Naam."

Alirudi nyuma hatua kadhaa bila kumpa baba mgongo, mpaka kisigino chake kikagusa kizingiti, akavaa makubadhi akiwa ameinama, akatoka. Tulimsikia akisalimiwa barazani. Mama alikuwa anapanga vikombe, mimi nimeshika jagi la maji ya kufuturia. Baba aliinuka peke yake, akavuka ukumbi taratibu akishika ukuta, na akausukuma mlango nyuma ya mwanafunzi wake mpaka ukafunga.